RAV4 ni moja kwa jina, sita kwa umbo: mambo ya kuangalia kabla hujanunua Mbarara

Mtu wa Mbarara au Nakivale anayetafuta gari la familia, ambalo pia litamfikisha sokoni na mzigo kidogo, hachelewi kukutana na jina Toyota RAV4. Madalali wanazo za kila umri na kila bei. Shida ni kwamba nyuma ya jina hilo kuna magari sita tofauti, yaliyotengenezwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Asiyejua tofauti zake anaweza kulipia gari la kuvuta magurudumu yote manne, yaani foo wili, akaondoka na gari linalovutwa na magurudumu mawili ya mbele tu. Hilo atalijua mvua itakaponyesha.

Na mvua huku zinanyesha kweli. Kutoka Mbarara unafuata lami ya kuelekea Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Ukiiacha lami upande wa Isingiro kuingia makazi ya Nakivale, unakanyaga barabara ya vumbi ambayo kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, hugeuka tope. Makazi haya, yaliyoanzishwa 1958, ni makubwa na vijiji vyake vimetawanyika. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia wanafanya biashara humo. Mwenye duka Base Camp anayefuata bidhaa Mbarara anaijua barabara hiyo kuliko sisi tunaoandika. Basi tuzungumze gari.

ILIANZA KAMA GARI DOGO LA VIJANA

Toyota walianza kuiuza RAV4 Japani mwezi Mei 1994. Ilikuwa na milango mitatu na urefu wa mita 3.7 hivi, yaani fupi kuliko saluni nyingi. Ile ya milango mitano ilifuata 1995, na hapo ndipo watu wa familia walipoanza kuiangalia.

Jambo kubwa lilikuwa chini ya gari. Magari ya juu ya wakati ule, kama Land Cruiser na Prado, yalijengwa juu ya fremu ya chuma kama lori. RAV4 haikuwa na fremu. Bodi yake ni kipande kimoja kama cha saluni, na vifaa vyake vingi vilitoka kwenye saluni za Toyota. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi, haikunywa mafuta sana, na iliendesheka mjini bila taabu. Lakini haikuwa na gia ndogo ya kupandia milima mibaya, na matoleo yote yaliyofuata hayana pia. Akikwambia mtu kwamba RAV4 ni sawa na Prado, mwache amalize, kisha uendelee na safari yako.

Hata hivyo lile toleo la kwanza lilikuwa na foo wili ya kweli, inayofanya kazi wakati wote, na yale ya gia za mkono yalikuwa na kitufe cha kufunga difu ya katikati. Injini ni 3S-FE ya lita 2.0, ambayo mafundi wengi wa huku wanaifungua na kuifunga bila kubahatisha. Inatumia mkanda wa taimingi, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, weka gharama ya mkanda mpya kwenye hesabu yako siku hiyohiyo.

Toleo la pili lilitoka 2000. Lilikuwa kubwa kidogo na tulivu zaidi barabarani, na mkanda ukaondoka, ikaja cheni. Lakini RAV4 nyingi za Japani za toleo hili zina injini ya 1AZ-FSE, iliyoandikwa D-4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hiyo haipendi mafuta machafu. Petroli ya madumu ya barabarani huharibu pampu yake ya presha kubwa, na moshi hujenga masizi kwenye njia ya hewa mpaka gari linatetemeka likiwa limesimama. Kabla ya kununua, liwashe asubuhi likiwa baridi. Muuzaji akikukuta na gari tayari limepata moto, rudi kesho.

TOLEO LA TATU, AMBALO NDILO LENYE KESI NYINGI

Mwishoni mwa 2005 Toyota walibadilisha kila kitu. Gari lilipanuka, siti za nyuma zikapata nafasi ya watu wazima, na foo wili ya wakati wote ikaondoka. Badala yake magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta kwa kawaida, na kompyuta hupeleka nguvu nyuma pale ya mbele yanapoanza kuteleza. Kuna kitufe cha kulazimisha nguvu ziende mbele na nyuma kwa usawa, lakini hujiachia chenyewe ukifika kilomita 40 kwa saa. Kwa tope la Nakivale mfumo huu unatosha, mradi dereva akibonyeze kitufe kabla hajakwama.

Mfumo huo una sharti moja ambalo wengi hawaambiwi. Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika karibu sawa. Sisi tunaonunua tairi moja moja kadiri pesa inavyopatikana, tunaifanyisha kazi bure ile kapilingi ya nyuma, nayo huungua. Ukikuta RAV4 ina tairi za majina manne tofauti, uliza kwanza kuhusu difu, bei iwe baadaye.

RAV4 za Japani za toleo la tatu zina injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4 na giaboksi ya CVT. Injini za 2AZ-FE za miaka ya 2006 hadi 2009 zina sifa ya kula oili. Tatizo liko kwenye pistoni na ringi zake, na huko Marekani Toyota wenyewe walilazimika kuongeza muda wa dhamana kwa ajili yake. Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuendesha, kisha mtu wako akae nyuma ya gari aangalie ekzosi unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima. Moshi wa buluu ukitoka, unaangalia injini ya kufunguliwa. CVT nayo inataka oili yake maalumu, na fundi akiweka oili ya giaboksi ya kawaida, umekwisha.

Kuna mambo mengine mawili ya toleo hili, ya usalama. Mwaka 2012 Toyota waliyaita magari ya RAV4 ya 2006 hadi 2011 nchini Marekani, kwa sababu nati za mkono wa nyuma wa sasipensheni zisipokazwa sawasawa baada ya kupima alaimenti, ule mkono hulegea, huota kutu na unaweza kukatika. Kwa barabara zetu, ambako alaimenti hupimwa mara kwa mara, mwambie fundi akanyanyue gari na aguse nati hizo kwa mkono wake. Kisha Februari 2016 yakaitwa magari karibu milioni 2.9 duniani, kwa sababu fremu ya siti ya nyuma ingeweza kukata mkanda wa usalama wakati wa ajali. Siti ya nyuma ndiyo wanayokaa watoto. Kwa namba ya chesisi unaweza kuulizia kama gari lako lilirekebishwa.

Toleo hilohilo lina ndugu yake anayeitwa Vanguard, aliyeuzwa Japani kuanzia 2007. Ni refu zaidi na lipo la siti saba. Spea zake nyingi ni za RAV4. Ila hizo siti mbili za mwisho ni za watoto, na mkiketi saba hamna pa kuweka hata gunia.

PENGO LA JAPANI

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotea. Toleo la nne, lililotoka mwishoni mwa 2012, halikuuzwa kabisa Japani. Wajapani waliendelea kununua la tatu mpaka 2016, kisha RAV4 ikaondoka sokoni kwao, ikarudi Aprili 2019 ikiwa toleo la tano. Kwa hiyo ukionyeshwa RAV4 ya toleo la nne ukaambiwa ilitumika Japani, omba karatasi. Huenda ilitoka Uingereza au nchi nyingine inayoendesha kushoto, na hilo si kosa, ila ya Uingereza itazame chini kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi hula chuma. Aliyekuwa Japani akitaka gari la aina hiyo miaka hiyo alinunua Harrier, ambayo kuanzia mwisho wa 2013 ilitokana na msingi wa RAV4 ya nne. Ndiyo maana Harrier za miaka hiyo zimejaa.

Toleo la nne pia liliondoa tairi la spea mlangoni na kuliweka ndani, na mlango wa nyuma ukawa wa kufunguka juu. Matoleo matatu ya kwanza mlango hufunguka kando, bawaba zikiwa kulia. Uganda, Kenya na Tanzania, tunakoendesha kushoto, hilo ni zuri, maana unapakia mzigo ukiwa umesimama upande wa nje ya barabara. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, wanakoendesha kulia, mlango unakuwa ukuta kati yako na duka. Ni jambo dogo, lakini linakera ukiwa na magunia.

La tano, lenye urefu wa mita 4.6, lipo la petroli na la haibridi. Haibridi yenye foo wili haina propela ya kwenda nyuma. Kuna mota ya umeme inayosukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Betri iko chini ya siti ya nyuma na inapozwa na hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo vumbi la Isingiro likiziba kichujio chake, betri hupata joto. Kichujio kinatolewa na kusafishwa kwa dakika chache, wala usiweke mizigo mbele ya tundu lake. Toleo la sita, lililoonyeshwa Mei 2025, limeacha petroli tupu na ni haibridi pekee. Mwenye kununua jipya ajiulize kwanza kama fundi anayemwamini anaijua kazi hiyo.

NAMBA YA CHESISI HAIDANGANYI

Maandishi ya nyuma yanaweza kubandikwa na yeyote, hata neno 4WD. Namba ya chesisi ndiyo ya kusoma. Kwa magari yaliyouzwa Japani, foo wili ni SXA10 na SXA11 kwa toleo la kwanza, ACA20 na ACA21 kwa la pili, ACA31 kwa la tatu. Yanayovuta mbele tu ni SXA15 na SXA16, ZCA25 na ZCA26, na ACA36. Vanguard yenye foo wili ni ACA33, isiyo nayo ni ACA38. Harrier ya petroli, ZSU65 ni foo wili na ZSU60 siyo. Toleo la tano, namba zinazoishia 54 ni foo wili, zinazoishia 52 siyo. Kwa njia nyingine, inama chini ya gari utafute difu ya nyuma, isipokuwa kwa haibridi.

Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje huonyesha mwaka wa kusajiliwa, na mara nyingi kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Linganisha na dashibodi.

KODI, MZIGO NA MPAKA

Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo matoleo mawili ya kwanza utayapata kwa mtu aliye nayo tayari nchini. Kenya mwisho ni miaka 8. Magari ya zamani hulipa pia ushuru wa mazingira juu ya kodi nyingine, na viwango hubadilika na bajeti, hivyo uliza URA kabla hujatuma pesa Japani, maana gari likikaa bandarini Mombasa au Dar es Salaam gharama ya kuhifadhi inakula faida yote.

Kuhusu mzigo, tufanye hesabu ya haraka. Watu wanne wazima ni kilo 280 hivi. Ongeza magunia mawili ya mahindi ya kilo 100, ni kilo 480. Magari ya aina hii yametengenezwa kubeba kati ya kilo 400 na 500, watu na mizigo pamoja. Gunia la tatu unalipia kwa shokapu, bushi na, kwa lenye CVT, giaboksi. Anayesafirisha mahindi kila siku bora anunue pikapu. Na usibebe abiria wa kulipa kwa gari lenye bima ya binafsi. Likipinduka, kampuni ya bima itakuwa ya kwanza kukuuliza wale walikuwa nani.

Kadi ya gari iwe kwa jina lako. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi na kumiliki mali, kwa hiyo hakuna sababu ya kuandikisha gari kwa jina la rafiki kwa madai kwamba ni rahisi. Siku mkigombana, gari ni la aliye kwenye kadi. Mkichanga watu wawili au watatu, andikeni makubaliano mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa LC1 kabla pesa haijatoka.

Anayevuka Kikagati, Mutukula au Mirama Hills na gari la Uganda awe na kadi, au barua ya mwenye gari kama si lake, kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inatambuliwa pia Tanzania ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Tarehe ya kibali isipite. Gari lililokaa upande wa pili baada ya muda wake huhesabiwa kuwa limeingizwa bila kodi, na linaweza kuzuiwa hapohapo forodhani.