Kibonzo "Amesema" au "Kimesema"? Upatanisho wa Kisarufi katika Riwaya ya Upelelezi

Mwaka 1981, Gary K. Wolf wa Marekani alichapisha riwaya ya upelelezi, Who Censored Roger Rabbit?, iliyofuatiwa baadaye na nyingine za mfululizo huo. Humo binadamu na vibonzo huishi katika mji mmoja. Vibonzo hufanya kazi, huoa na huuawa. Maneno yao hutokea katika viputo vinavyoshikika, hata kiputo cha maneno ya mwisho ya Roger kikawa ushahidi. Hata hivyo, hadhi yao hailingani na ya binadamu.

Mfasiri wa Kiswahili atakabiliwa mara moja na swali: kibonzo "kimesema" au "amesema"? Sarufi yetu inaruhusu njia zote mbili. Kiboko wa mtoni amelala. Kiboko cha kuchapia kimekatika. Umbo la nomino ni moja, bali uhai ndio uamuao upatanisho. Basi aandikaye "kibonzo kimeuawa" amekwisha kukihesabu miongoni mwa vitu, na mauaji yamekaribia kuwa uharibifu wa mali.

Tulinganishe na Singida. Katika miaka ya 1946 na 1947 yalitokea huko mauaji yaliyodhaniwa kuwa ni ya simba. Wenyeji walizungumzia watu-simba, na uchunguzi wa serikali ya kikoloni ukawafikisha binadamu mahakamani. Hapa upatanisho haukutoa msaada wowote: "simba ameua" na "mtu ameua" vina kiambishi kile kile. Kazi yote ya kutofautisha iliachiwa ushahidi.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, hali ni tofauti. Wanaoamini husema "mzimu umeua". Bwana Msa hutafuta mtu ambaye "ameua". Upelelezi wake, kwa lugha ya sarufi, ni safari kutoka ngeli moja kwenda nyingine.

Wolf hamvui kibonzo sura yake ili kumfichua binadamu. Anamwacha alivyo, na sheria imtambue. Kwa hiyo msimulizi wa tafsiri hana budi kusema "amesema". Lakini mhusika anayewadharau vibonzo na aseme "kimesema". Silabi hiyo moja itamwonyesha msomaji ubaguzi ambao lugha isiyo na ngeli ingelazimika kuueleza kwa njia nyingine.