Laptopu Inapochora Mistari: Tupime Joto Kabla ya Kununua Kioo

Katika makala hii tumekusudia kueleza jambo lililokaribia kuitia madrasa yetu hasara, nalo ni laptopu kuharibu picha kwa sababu ya joto. Tunalieleza kwa kuwa nyumba nyingi siku hizi zina laptopu, tena nyingine zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka, laptopu ya ofisi, yenye alama za wanafunzi wote, ilianza kuchora mistari ya rangi kwenye kioo. Fundi tuliyempelekea aliitazama dakika chache, akasema kioo kimekufa, tulete pesa za kioo kipya. Pesa zenyewe ni michango ya wazazi, yaani amana. Tukaomba siku moja ya kufikiri, na siku hiyo ndiyo iliyotuokoa.

CHANZO CHA TATIZO

Ndani ya laptopu mna chipu inayotengeneza kila picha tunayoiona. Ikifanya kazi hupata joto. Joto hilo hupitia bomba la shaba hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, kisha feni hulipuliza nje. Vumbi likiziba mapezi, au laptopu ikiwekwa juu ya godoro na matundu ya chini yakazibwa, joto hubaki ndani. Chipu iliyozidiwa na joto hukosea kazi yake, na makosa hayo huonekana kama mistari, nukta nukta, miraba ya rangi, au kioo kuwa cheusi ghafla.

VIPIMO VITANO

Kabla ya yote, nakili kazi zako kwenye flashi. Kisha fuata hatua hizi:

1. Angalia wakati. Washa laptopu ikiwa imepoa. Picha ikiwa safi mwanzoni, ikaharibika baada ya muda, hasa wakati wa video au michezo, kisha ikapona baada ya kuzimwa na kupumzishwa, shuku joto.

2. Funika na funua kifuniko taratibu. Mistari ikibadilika kwa kukisogeza, huenda kasoro ni waya wa kioo.

3. Unganisha projekta au skrini ya nje. Mistari ikionekana kwenye kioo cha laptopu peke yake, kasoro ni kioo au waya wake. Ikionekana kote kuwili, kioo hakina kosa.

4. Iwashe upya ikiwa bado ina joto. Mistari ikiwepo tangu nembo ya kwanza, kabla Windows haijafunguka, usilaumu programu. Isipokuwepo, jaribu kwanza kuweka upya draiva ya chipu ya picha.

5. Pima joto kwa programu ya bure kama HWMonitor. Chipu nyingi hazipaswi kufika nyuzi 90 kwa kazi nyepesi kama kuandika barua.

Sisi tulipofika hatua ya tatu tukaona mistari ile ile ukutani kwa projekta. Kumbe kioo kipya kingekuwa pesa iliyotupwa! Hatua ya tano ikatuonyesha nyuzi 94, na hapo tulikuwa tunaandika tu.

TIBA

Tulimpata fundi mwingine akaifungua mbele yetu. Baina ya feni na mapezi palikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Alichomoa chaji na betri, akaizuia feni kwa kijiti isizunguke, akapuliza vumbi, kisha akafuta pesti kavu iliyo juu ya chipu na kupaka mpya. Joto likashuka hadi nyuzi 68, na mistari haikurudi. Karatasi za mtihani zikachapwa kwa wakati.

TAHADHARI

Si kila chipu hupona kwa kusafishwa. Kupata joto na kupoa mara nyingi huweza kupasua viungo vidogo vya risasi vinavyoishikilia chipu. Mistari ikionekana hata laptopu ikiwa baridi, na kasoro si ya kioo wala waya, huenda madhara ni ya kudumu. Baadhi ya mafundi huichoma chipu kwa hewa ya moto. Mara nyingi hufanya kazi kwa wiki au miezi, kisha ugonjwa hurudi. Usilipe bei ya tiba kwa kitu cha kutuliza.

Hata makampuni makubwa yamepata msiba huu. Julai 2008, NVIDIA ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zikiharibika. Mwaka 2015, Apple ilianza kutengeneza bure baadhi ya MacBook Pro za 2011 hadi 2013 zilizokuwa na kasoro za picha.

Basi wanafunzi wetu, laptopu iwekeni juu ya meza, si kitandani. Isafisheni walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi penye vumbi jingi. Na fundi akikwambia kioo kimekufa, mwombe kwa adabu aunganishe skrini ya nje kwanza. Ni kazi ya dakika tano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.