Usalama wa Multimita za Bei Nafuu: Fyuzi Ndiyo Kinga ya Mpimaji

Multimita ya dijitali ya bei nafuu inaweza kuonesha volti 230 za umeme wa nyumbani kwa usahihi wa kuridhisha. Hata hivyo, usahihi huo si uthibitisho kwamba mpimaji yuko salama.

Multimita nyingi za aina hiyo zina tundu la ampea 10 lisilo na fyuzi. Fundi akisahau waya wa kupimia katika tundu hilo, kisha akapima volti kwenye soketi, shoti hutokea ndani ya kifaa, nacho kinaweza kupasuka na kumuunguza.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61010 hupanga vifaa hivi kwa madaraja kulingana na mahali pa kupimia. CAT III huhusu nyaya za jengo na swichi kuu. CAT IV huhusu mahali umeme unapoingia katika jengo.

Kwa kuwa alama ya daraja huweza kuchapishwa hata kwenye kifaa kisichostahili, mwananchi anashauriwa kukagua pia fyuzi. Fyuzi ya kauri yenye mchanga ndani huzima cheche kubwa ambayo fyuzi ndogo ya kioo huenda isiihimili. Multimita isiyo na kinga hiyo itumike kupima betri ndogo pekee.