Adam Sapi Mkwawa: Kutoka Enzi ya Kalenga hadi Kiti cha Spika

Uhehe, eneo la kihistoria linaloanzia Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, na kufika hadi Mufindi, wilaya ya chai na misitu, limetoa wanasiasa wengi, lakini ni wachache waliodumu katika uongozi kama Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyezaliwa mwaka 1920.

Babu yake, Mtwa Mkwawa, yaani mtawala mkuu wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, kisha akajiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Waingereza waliporithi Tanganyika (Tanzania Bara ya leo) kutoka kwa Wajerumani walitawala kupitia machifu, na kwa mfumo huo Adam Sapi akawa chifu wa Wahehe, kisha mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, chombo kilichotangulia Bunge la leo. Juni 1954, Gavana Edward Twining alimkabidhi huko Kalenga fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani na lililoaminika kuwa la Mkwawa, tukio lililolipa jina la ukoo huo uzito mpya wakati chama cha kupigania uhuru cha TANU kikikaribia kuanzishwa.

Novemba 1962 alichaguliwa kuwa Spika, yaani msimamizi wa mijadala ya Bunge, akimrithi Abdulkarim Karimjee na kuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka uliofuata, sheria iliyofuta mamlaka ya machifu ilipitishwa katika Bunge lilelile aliloliongoza, kwa hiyo cheo cha kuzaliwa kilimtoka huku kile cha kuchaguliwa kikibaki mikononi mwake.

Isipokuwa kati ya 1973 na 1975, kiti kilipokaliwa na Chifu Erasto Mang'enya, Adam Sapi aliongoza Bunge hadi 1994, akipitia katiba ya muda ya 1965 iliyohalalisha chama kimoja, Katiba ya 1977, na mabadiliko ya 1992 yaliyorudisha vyama vingi.

Kudumu huko kuna maelezo mawili yasiyotengana. Spika mwenye asili ya uchifu alizoea kusikiliza na kuamua shauri bila kuwa upande wowote, lakini pia, katika mfumo uliokiweka chama juu ya vyombo vyote vya dola, maamuzi makubwa yalifikia Bunge yakiwa yamekwisha kupikwa kwenye vikao vya chama, hivyo kiti chake kilikuwa na heshima kubwa kuliko nguvu, na hilo lenyewe lilikiepusha na misukosuko iliyowaondoa mawaziri wengi.

Alifariki mwaka 1999.