Swali Kwanza, Mada Baadaye

Mwanafunzi wa Ibra, Sur au Nizwa anayetaka kuandika juu ya waliomtangulia Afrika Mashariki mara nyingi huleta mada hii: “Historia ya Waomani Zanzibar”. Ndani yake mna masultani, karafuu, pembe, utumwa, mapinduzi ya 1964, na waliorudi Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Msimamizi akiisoma hawezi kujua mwanafunzi atatafuta nini siku ya kwanza atakapofunguliwa mlango wa nyaraka. Pendekezo la utafiti linahitaji swali, tena swali ambalo ushahidi wake unafikika.

Tuipunguze mada hiyo. Wengi wa Sharqiyah, eneo la mashariki mwa Oman, wakiwemo watu wa koo za Waharthi na Wabarwani wa Ibra, walivuka bahari kutafuta maisha, na biashara ya pembe bara ilihitaji mtaji wa kukopa. Njia moja ilikuwa bei ya khiyari: mwenye shamba humuuzia mkopeshaji kwa fedha taslimu, akibaki na haki ya kulikomboa ndani ya muda waliopatana. Hati ya mauzo hayo humtaja muuzaji kwa jina lake, la babake na la kabila, ikataja mali, bei kwa riale na muda wa kukomboa. Hivyo vyote vinahesabika. Basi swali liwe: “Kati ya 1872 na 1890, watu wa Ibra waliokopa Zanzibar kwa khiyari waliweka dhamana mali ya Unguja au ya kwao Oman?” Miaka hiyo ina sababu: kimbunga cha 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mipaka ya miaka isiyoelezwa hudhoofisha pendekezo zima.

Katika mapitio ya maandiko, wengi hupanga waandishi kama wageni wa harusi, kila mmoja na kiti chake. Kazi yenyewe ni kubishana nao. Thomas McDow, katika kitabu chake cha 2018, Buying Time, ametumia hati za Zanzibar kueleza madeni na safari za watu baina ya Oman na Afrika. Anayezirudia hati hizo aseme McDow ameishia wapi na yeye anaanzia wapi. “Hakuna aliyeandika juu ya Ibra” haitoshi. Aeleze jibu litabadilisha nini: ikiwa mashamba ya mitende ya Ibra ndiyo yaliyowekwa dhamana, basi misafara ya pembe ya Tabora na Ujiji ilibebwa pia na maji ya falaj (mifereji ya umwagiliaji) za Sharqiyah, na Oman haikuwa tu mahali watu walipopahama.

Mapendekezo mengi huvunjika kwenye mbinu. Kabla ya kuahidi hati za Zanzibar, nenda kazione, kisha uandike daftari ni lipi, la miaka gani, na nani atausoma mwandiko wa Kiarabu cha wakati ule. Upande wa Oman kuna Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka, iliyoanzishwa 2007, inayoandikisha pia nyaraka za watu binafsi. Kwa mahojiano, ujue mji wako. Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake. Mwanamume anayeandika kwamba atawahoji wachuuzi wa pale, bila mtafiti mwenza wa kike, ameahidi sampuli asiyoweza kuipata. Na deni la babu bado ni siri ya nyumba. Kuficha jina la familia hakusaidii kitu ukiacha jina la shamba au falaj, kwa kuwa majirani watalitambua papo hapo. Jambo hili liandikwe wazi kwenye sehemu ya maadili, pamoja na namna utakavyoomba ridhaa.

Ratiba iangalie Ramadhani, joto la kiangazi na mavuno ya tende, na iache nafasi ya kusubiri kibali cha utafiti Zanzibar. Bajeti ifuate ratiba hiyo.

Kisha andika aya moja ambayo wengi huikwepa: hati za watu wa Ibra zikiwa chache, utafanyaje? Unaweza kupanua eneo hadi Mudhayrib na Sur, au kubaki Ibra na kurefusha miaka. Chagua moja sasa na utoe sababu, maana kila uamuzi unabadilisha swali lenyewe.