Mwanagenzi na Mwajiri katika Sheria za Kenya

Katika nchi jirani ya Kenya, kijana anayepokelewa kiwandani ili afundishwe kazi ya ufundi huingia pale na haki zake mkononi. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, iliyotungwa mwaka 1959, miaka minne kabla ya uhuru wa nchi hiyo, imerekebishwa mara nyingi, lakini msingi wake ungali ule ule. Mwanagenzi, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni mtu aliyefungwa kwa mkataba wa maandishi kumtumikia mwajiri kwa muda uliowekwa, kwa nia ya kupata ujuzi wa kazi fulani, nadharia na vitendo, naye mwajiri amefungwa kwa upande wake kumfundisha. Yule ambaye mafunzo yake ni ya muda mfupi zaidi hupewa jina jingine, lakini naye huandikiwa mkataba, na mwajiri wake hubeba wajibu huo huo wa kufundisha.

Uzito wa jambo lote umo katika neno hilo, kufungwa kwa pande mbili. Desturi ya ufundi katika Afrika Mashariki ni ya kale kuliko sheria yoyote iliyoandikwa na serikali. Maseremala wa milango ya Lamu na Unguja, waunda majahazi na wahunzi wa bara, wote walilea vijana karakanani mwao. Kijana alibeba zana, alifagia, alitumwa, na polepole alishika tezo mwenyewe. Fundi alifundisha akipenda, na kwa kadiri alivyopenda. Wengine walificha siri ya kazi hadi uzeeni ili mwanafunzi asije akawa mshindani. Sheria ya Kenya ilikuja kuligeuza jambo hilo: elimu ambayo fundi aliitoa kwa hisani imekuwa deni, na deni hudaiwa.

Hivyo basi, mwajiri anayechukua mwanagenzi anatakiwa kwanza aandike mkataba na kuupeleka usajiliwe na serikali. Kazi hiyo ya usajili ilikuwa chini ya Idara ya Mafunzo ya Viwandani, na tangu marekebisho ya mwaka 2011 iko mikononi mwa Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, yenye vituo vyake Nairobi, Kisumu, Mombasa na Athi River. Mkataba ukisharajisiwa, kijana hawezi tena kutumiwa ovyo. Mwenye karakana ya magari anayemwandikisha kijana kuwa fundi wa mitambo, kisha akamwacha miaka minne akiosha magari na kuchemsha chai, amevunja mkataba hata kama amemlipa ujira wake kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Alichoahidi kukitoa ni ufundi, na ujira hauzibi pengo la ufundi usiofundishwa.

Ujira nao ni wajibu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, inapoeleza mfanyakazi ni nani, inamtaja mwanagenzi waziwazi kuwa ni mmojawapo. Maneno hayo ni machache, lakini yanafungua mlango mpana. Kwa kuwa ni mfanyakazi, mwanagenzi anastahili siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya miezi kumi na miwili ya utumishi. Mwajiri hawezi kujitetea kwa kusema kwamba huyu ni mwanafunzi tu, anafadhiliwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo nayo ni ya mwaka 2007, inakataza mtu kuwekwa kwenye mashine ya hatari kabla ya kuelezwa hatari zake, na kabla ya kupata mafunzo ya kutosha au kuwa chini ya usimamizi wa mwenye ujuzi. Kifungu cha namna hii kinamgusa mwanagenzi kuliko mtu mwingine yeyote, maana fundi mzoefu anajua msumeno wa umeme unaruka wapi, mgeni hajui. Na ajali inapotokea, Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka huo huo inamhesabu mwanagenzi miongoni mwa wanaostahili fidia, na inamtaka mwajiri awe amekata bima mapema. Dai hupelekwa kwanza kwa Mkurugenzi anayehusika na usalama kazini badala ya mahakamani, utaratibu ambao ulipingwa kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ya Kenya ilipouthibitisha mwezi Desemba 2019.

Kuna pia upande wa fedha. Waajiri hutozwa ada ya mafunzo, ambayo mwaka 2007 iliwekwa kuwa shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, nao hawaruhusiwi kuikata katika mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri anayefundisha watu wake kwa mpango ulioidhinishwa anaweza kudai sehemu ya gharama zake kutoka katika mfuko huo, kwa hiyo asiyefundisha anamchangia anayefundisha. Tanzania ina tozo yake ya kuendeleza stadi, ila yenyewe huhesabiwa kwa asilimia ya jumla ya mishahara.

Yote haya yanapendeza kuyasoma. Lakini vijana walio wengi wa Kenya hawajifunzii ufundi katika viwanda vyenye mikataba iliyosajiliwa. Wanajifunzia chini ya jua kali, jina ambalo limekuwa la sekta nzima. Taarifa ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ndiyo iliyoufanya ulimwengu uitazame sekta hiyo kwa heshima, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi kuwajengea mabanda. Mabanda yalisaidia kuzuia jua na mvua, lakini hayakuleta mkataba. Pale Kamukunji, kama ilivyo Gerezani mjini Dar es Salaam, mzazi humleta mtoto kwa fundi, wanaelewana kwa mdomo, na mara nyingi mzazi ndiye anayelipa. Kijana huyo akikatwa vidole na mashine ya kukunja bati, hana maandishi, hana ujira unaoonekana katika daftari, na itambidi kwanza athibitishe kwamba alikuwa mwanagenzi hata kidogo. Kwake, njia ya kupata karatasi ni mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, ambao humpima alichojua bila kuuliza alikifundishwa wapi. Cheti hicho kinamfaa sana akitafuta kazi, ila hakiwezi kumdai fundi aliyemlaza njaa.

Kwa askari, habari hii ina jambo la karibu zaidi. Sheria ya Ajira ya Kenya haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza wala vijana wa Huduma ya Taifa. Vivyo hivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inawaweka nje Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Askari wana sheria zao za utumishi. Hata hivyo, sheria ya Tanzania imeacha vifungu vitatu viwafuate hadi ndani ya kambi: kinachohusu ajira ya watoto, kinachohusu kazi ya kulazimishwa, na kinachohusu ubaguzi. Kwa hiyo karakana ya kambi haiwezi kumpokea mtoto wa chini ya miaka 14 kwa kisingizio cha kumfundisha uchomeleaji, na aliye chini ya miaka 18 hapelekwi penye hatari ila pale sheria ya mafunzo inaporuhusu, huku usalama, afya na maadili yake vikilindwa kikamilifu.

Tena askari wengi, hasa wa vikosi vya uhandisi na usafirishaji, hustaafu wakiwa na ufundi mkubwa kuliko pensheni. Anayefungua gereji Arusha au Tarime, au akashirikiana na ndugu wa upande wa pili wa Namanga au Sirari, anakuwa mwajiri kama raia mwingine. Kinga aliyokuwa nayo katika utumishi inabaki langoni mwa kambi pamoja na sare. Vijana wawili watatu wa jirani watakapokuja kuomba wafundishwe, upande wa Kenya ataulizwa uko wapi mkataba, umesajiliwa lini, na bima ya kuumia kazini imekatwa kwa jina la nani.