Soma Chapa Kabla ya Kuuza Kijiko

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya jambo linaloonekana dogo: zile chapa zilizopigwa nyuma ya vijiko na uma za fedha za zamani. Sababu ni kisa kilichotupata wenyewe.

Mdogo wangu alipofariki aliacha sanduku la vijiko lililomwangukia katika mirathi ya baba yetu. Baba alikuwa karani wa Mwingereza mmoja Mombasa, naye alimpa sanduku hilo alipokuwa akirejea kwao. Shemeji yangu akalipeleka kwa mnunuzi wa vitu vikuukuu hapa Johannesburg. Yule bwana akalipima lote kwa pamoja, akasema, "Mama, haya mabati tu," akataja bei ya mikate miwili mitatu. Alhamdulillahi, shemeji hakukubali. Jioni akanijia Mayfair. "Shemeji, hebu nitazamie," akasema. "Mali hii ina haki ya mayatima."

Tukakaa dirishani na kioo cha kukuzia.

Vijiko sita vya chai vilikuwa na chapa nne. Ya kwanza ni simba anayetembea, mguu wa mbele kauinua. Hiyo ni dhamana ya Kiingereza iliyoanza 1544, na maana yake siku hizi ni kwamba katika kila sehemu 1000, sehemu 925 ni fedha safi. Ya pili ni nanga, alama ya Birmingham, ingawa mji ule uko mbali na bahari. Kichwa cha chui ni London, ngome ni Edinburgh, na Sheffield ilitumia taji hadi 1974, kisha waridi. Ya tatu ni herufi moja ya kuonyesha mwaka. Herufi hizo hurudiwa kila baada ya miaka ishirini na kitu, kwa hiyo tazama pia mwandiko wake na umbo la ngao inayoizunguka, ndipo ulinganishe na jedwali. Ya nne ni herufi za jina la mfuaji. Ukikuta na kichwa cha mfalme au malkia, aghalabu ni alama ya ushuru uliotozwa baina ya 1784 na 1890.

Uma zilitudanganya. Zilikuwa na chapa nyingi zilizopangwa kama za fedha, kumbe ni E, P, N, S. Huo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu kwa umeme, ufundi ambao Elkington wa Birmingham waliupatia hataza 1840. Hapo mnunuzi alisema kweli.

Palikuwa na upawa mmoja wa mama, kutoka Unguja, usio na chapa yoyote. Msiutupe wa namna hiyo! Masonara wa Oman na wa Pwani yetu waliyeyusha riale za Maria Theresa, zote zenye mwaka 1780, na kila riale ina gramu 28 hivi, yenye fedha sehemu 833 kwa 1000. Hawakuwa na ofisi ya kuwapigia chapa. Hata wafua fedha wa zamani wa Cape Town hawakuwa nayo. Walipiga herufi za majina yao, na wengine wakaiga alama za Kiingereza. Sonara mmoja wa Fordsburg aliupima upawa wetu kwa tindikali, ukawa fedha.

Kwetu Waislamu jambo hili si la bei tu. Kula kwa chombo cha fedha kumekatazwa katika hadithi, hivyo ni lazima ujue ulichoshika mkononi. Zaka ya fedha huanza dirhamu 200, yaani gramu 595 hivi. Vijiko vyetu sita vilikuwa gramu 90. Zidisha kwa 925, gawa kwa 1000, unapata gramu 83 na robo za fedha safi. Visu msivipime hivyo, kwani mipini yake aghalabu imejazwa lami ndani.

Tuliandika kila kitu katika orodha ya mirathi: thumni ya mjane, na kilichobaki ni cha watoto. Mimi sina fungu humo, maana marehemu ameacha wana wa kiume. Langu lilikuwa kusoma chapa tu.

Nanyi someni zenu kabla mzani haujaletwa. Wabillahi tawfiq.